Kusoma na Kuamini: Uanafunzi wa Kikristo katika Buganda, 1875–1896

Utangulizi

Katika Kiswahili, neno mwanafunzi humtaja anayesoma shuleni na pia mfuasi wa Yesu katika Injili. Katika Buganda ya mwishoni mwa karne ya 19, uhusiano huo wa elimu na imani ulidhihirika katika neno jingine: waongofu waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Makala hii inachunguza namna imani ya Kikristo ilivyofundishwa na kurithishwa miongoni mwao. Hoja yake ni kwamba wamisionari walianzisha mafundisho, lakini waliowezesha imani kudumu ni wanafunzi waliowafundisha wanafunzi wenzao.

Kiswahili kama mlango wa mafundisho

Kusoma kulitangulia Ukristo. Waislamu kutoka pwani walikuwa wamefika ikulu tangu enzi ya Kabaka Suuna, na Mutesa I alikifahamu Kiswahili. Stanley alipoondoka Buganda mwaka 1875, alimwacha kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya UMCA Zanzibar, ili amsomee Kabaka Maandiko. Wamisionari wa CMS walifika mwaka 1877, Alexander Mackay mwaka 1878, na Mababa Weupe mwaka 1879.

Wakati huo hapakuwa na Maandiko yaliyochapwa kwa Luganda. Walimu wa CMS walitumia matini za Kiswahili, zikiwamo tafsiri za Edward Steere wa Zanzibar. Kwa hiyo Mganda aliyetaka kuisoma Injili alilazimika kupitia lugha ya pwani, na aliyeielewa alikuwa na kazi ya kumfafanulia mwenzake kwa Luganda. Kwa mtazamo huo, tafsiri ya mdomo ilitangulia tafsiri ya kitabu, na ilifanywa na wanafunzi. Biblia kamili ya Luganda, iliyohusishwa zaidi na kazi ya George Pilkington na wasaidizi wake Waganda, ilikamilika mwaka 1896.

Mafundisho pasipo walimu

Ushahidi mzito zaidi unatokana na kipindi ambacho walimu hawakuwapo. Novemba 1882 Mababa Weupe waliondoka Buganda, wakarejea Julai 1885. Utaratibu wao, uliowekwa na Kardinali Lavigerie, ulidai miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo. Hivyo waliacha nyuma yao wabatizwa wachache. Hata hivyo, waliporudi waliikuta jumuiya imekua. Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa amewafundisha vijana wa ikulu, na Mathias Mulumba alikuwa na kundi lake huko Mityana.

Mukasa aliuawa Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Charles Lwanga, aliyebatizwa mwezi huohuo, akachukua uongozi wa vijana hao. Mei 1886, hatari ilipowafikia, aliwabatiza kwa mkono wake wakatekumeni kadhaa, akiwamo Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Miezi sita tu ilikuwa imepita tangu yeye mwenyewe abatizwe. Tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja Namugongo. Mauaji hayo hayakuukata mnyororo wa mafundisho, kwa kuwa haukutegemea pete moja. Muongo uliofuata, Mganda Apolo Kivebulaya aliufikisha hadi Mboga, katika Kongo ya leo.

Hitimisho

Wamisionari waliacha barua na shajara. Wanafunzi wengi waliacha maneno tu. Ndiyo maana historia iliyoandikwa kutokana na nyaraka za misheni pekee humfanya mwanafunzi aonekane mpokeaji. Neno abasomi linatoa ushahidi tofauti: linawataja watu kwa tendo walilolifanya wao wenyewe. Watafiti wa Kiswahili wana wajibu wa kufuatilia msamiati wa mafundisho ulivyosafiri kutoka pwani hadi maziwa makuu, na nani aliubeba. Makanisa nayo yanaweza kujiuliza kama mafundisho yao ya leo yanamwandaa mwanafunzi kufaulu tu, au kumfundisha mwingine mwalimu asipokuwapo.