Halloween ya Seoul na marehemu wetu wa Beni-Butembo

Tangu nirudi toka masomoni Korea ya Kusini, kuko ulizo moja vijana wananiuliza mara mingi: "Yaya, kule munafanyaka Halloween kweli?"

Ndiyo, nilifanya, pamoja na marafiki. Lakini tuone kwanza sikukuu hii ilitoka wapi, juu historia yake inapita karibu na kwetu kuliko tunavyofikiri.

Jina lenyewe ni la kanisa. Maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Mbele ya kanisa, watu wa Ireland walikuwa na sikukuu ya Samhain, mavuno yakiisha na baridi ikianza. Katika karne ya 8, Papa Gregori III alitoa kanisa dogo kule Roma kwa heshima ya watakatifu wote, tarehe 1 mwezi wa 11. Karibu na mwaka wa 1000, Odilo, mkubwa wa monasteri ya Cluny kule Ufaransa, akaweka tarehe 2 iwe siku ya kuombea marehemu. Kisha njaa kubwa iliyoanza 1845 ikafukuza Waireland wengi kwenda Marekani. Kule wakakuta maboga, wakayachonga sura za kutisha. Polepole watoto wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba bombo, na wafanyabiashara wakaona faida.

Mapadri Waasumpsio walifika upande wetu mwaka wa 1929. Walileta tarehe 1 na tarehe 2, maboga hawakuleta. Njo maana nasema Halloween na misa ya marehemu ya mama zetu ni matawi ya mti mmoja. Tawi moja lilipita Marekani, lingine likapanda milima ya Lubero.

Na Korea? Kule tawi lilifika na Wamarekani. Kambi ya jeshi lao ilikuwa Yongsan, katikati ya Seoul, na mtaa wa Itaewon ulikomea pembeni yake, na baa na maduka ya wageni. Baadaye masomo ya Kiingereza ya kulipia yakafundisha watoto Halloween pamoja na alfabeti. Rafiki yangu Mkorea aliniambia yeye aliijua akiwa na miaka sita, kwa mwalimu wa Kiingereza, na hakuna aliyemwambia kama inahusu wafu. Wafu wao wako na siku yao, Chuseok, mwezi mpevu wa 8 kwa kalenda ya zamani. Jamaa wanarudi kijijini, wanafyeka majani juu ya makaburi, wanapanga chakula mbele ya wazee waliokufa.

Kisha ikaja tarehe 29 mwezi wa 10, 2022. Vijana walijaa Itaewon, mara ya kwanza bila vizuizi vya Covid. Katika njia moja ndogo ya mteremko, upana wake kama mita tatu tu, watu walibanana mpaka 159 wakakufa. Wengi walikuwa na miaka ishirini na kitu, kama sisi. Polisi walikuwa wamepigiwa simu masaa mengi mbele, wakiambiwa hatari inakuja.

Kwa hiyo Halloween yangu, mwaka wa 2023, ilikuwa ya kimya. Tulikuwa wane: yule Mkorea, Mfilipino mmoja, dada mmoja Mkenya, na mimi. Tulipita kwanza kwenye ile njia. Ukuta ulikuwa umejaa vikaratasi vya kuaga. Rafiki yetu alisoma vingine kwa sauti ndogo, akanyamaza. Kisha tukaenda nyumbani kupika. Sombe sikupata, tukakula wali na kuku.

Mfilipino akaeleza vile kwao, tarehe 1 mwezi wa 11, jamaa nzima inashinda makaburini na mishumaa na chakula. Kisha wakaniangalia mimi.

Nikawaambia juu ya tarehe 1 mwezi wa 8, siku yetu ya wazazi, wazima na wafu. Asubuhi unasafisha kaburi, mchana unakula na wale wangali hai. Nikawaambia pia kama ilikuwa siku ile ile, mwaka wa 2018, serikali ilipotangaza Ebola kwetu, ikianzia Mangina. Mpaka ikaisha, tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Babu yangu alizikwa wakati ule na watu waliovaa mavazi ya kujikinga toka kichwa mpaka miguu. Sisi tulisimama mbali. Hakuna aliyemuosha. Dada Mkenya akaniuliza: "Na kaburi lake, unaenda?" La babu, ndiyo. La mjomba, hapana. Yeye aliuawa shambani upande wa Oicha, katika mauaji yaliyoanza 2014, na kufika kule ni kujitoa.

Yule Mkorea akasema jambo ambalo silisahau: "Sisi tuko na hesabu. Tunajua ni 159." Jamaa za wale vijana walipigania hesabu ile, wakatembea barabarani, wakalala nje, mpaka mwaka wa 2024 bunge likapitisha sheria ya kuchunguza upya.

Kwetu, ukiuliza Beni ilipoteza wangapi tangu 2014, kila mtu anakutajia namba yake. Majina yako vichwani mwa wamama, na wamama wanazeeka.

Sisi tulisoma. Kalamu tuko nayo. Tarehe 1 mwezi wa 8 inayokuja, ukienda kufyeka majani, beba daftari. Uliza jina lote, kijiji, na mwaka. Mimi nimeanza na mjomba. Ukurasa wa kwanza uko na majina 11, yote ya mlango wetu.