Moshi ni wa nani? Kutoka gati la meli hadi vibanda vya jua kali

Uzi mrefu kidogo, tafuta chai kwanza.

Wiki hii TL imejaa ule mjadala wa kila msimu. Mwanasiasa amegawa mashine za kuchomelea kwa vijana wa mtaa, upande mmoja unasema huo ni uwezeshaji, upande mwingine unasema ni hongo ya kura. Sitataja mtu wala chama, na wale wanaokuja DM kuniuliza niko upande gani, poleni. Ninachouliza ni kitu ambacho sijaona upande wowote ukikigusa: mashine imegawiwa, sawa, sasa ule moshi wake ni wa nani?

Naandika hii nikiwa Kariobangi, mwendo wa dakika chache kutoka Light Industries. Mjomba wangu anachomelea mageti na madirisha huko tangu sijazaliwa. Kabla ya Nairobi alifanya kibarua Mombasa kwenye ukarabati wa meli, na hadithi zake za huko ndizo zilinifanya nianze kusoma haya mambo, si lecture yoyote. Ananiambia walikuwa wanaingia kwenye tangi lililo tumboni mwa meli kupitia tundu la ukubwa wa mtu. Ndani ni giza na joto. Mmoja anakwangua kutu na rangi ya zamani kwa grinda, mwingine anachomelea kipande kipya cha chuma, na hewa iliyoko ndani ni ile ile mliyoingia nayo. Wakitoka wanatema mate meusi. Kisha mnyapara anawapa maziwa.

Tusimame hapo kwa maziwa, kwa sababu hata leo nikipita Kamukunji au Light Industries nasikia mafundi wakisema maziwa "yanasafisha kifua". Hayasafishi. Maziwa yanaenda tumboni, vumbi linaenda kwenye mapafu, na njia hizo mbili zinaachana hapo kooni. Pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko bomba la kuvuta hewa, ndiyo maana imani hii imekaa miaka yote hii na waajiri hawajaona haja ya kuikosoa.

Na tunapoita "moshi" tunajidanganya kidogo. Si kama moshi wa kuni. Cheche ya umeme inayeyusha chuma hadi kinageuka mvuke, mvuke unapoa hewani na kuwa chembe ndogo sana, ndogo kiasi kwamba pua haizizuii. Ukichomelea mabati yaliyopakwa zinki, jioni unapata homa na baridi na ladha ya chuma mdomoni, asubuhi imeisha, unadhani ilikuwa malaria. Ukichoma chuma chenye rangi ya zamani ya risasi, hiyo haiishi asubuhi. Mwaka wa 2017 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitishwa vinasababisha saratani kwa binadamu.

Sasa historia. Nairobi haina bahari lakini Eastlands imejaa wajukuu wa reli. Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli, na reli hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na meli za Ziwa Victoria. SS William Mackinnon ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa vipande, vipande vikasafirishwa kutoka Mombasa hadi ziwani, ikaungwa upya Kisumu na kushushwa majini mwaka wa 1900. Reli yenyewe ilifika Kisumu 1901. Yaani tulikuwa na watu wa kuunga meli kabla ya kuwa na treni ya kufika hapo. MV Uhuru ya 1966 ilikuja vile vile, kwa vipande. Miaka ya karibuni Kenya Shipyards imejenga MV Uhuru II pale pale Kisumu, na kila mtu kwenye siasa anapenda kupigwa picha mbele ya meli.

Kule Uingereza, tulikokopa sheria, viwanja vya meli vina somo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha uzi huu. Mwaka wa 1930 ripoti ya serikali yao ilionyesha wazi kwamba vumbi la asbesto linaua mapafu ya wafanyakazi wa viwandani. Mwaka wa 1931 wakatunga kanuni. Nzuri sana, ila zililenga viwanda vinavyotengeneza bidhaa za asbesto. Yule fundi aliyekuwa ndani ya meli akifunga asbesto hiyo hiyo kwenye mabomba ya mvuke alibaki nje ya mlango wa sheria, pamoja na wachomeleaji na wapaka rangi waliokuwa wakifanya kazi kando yake. Vita vya pili vikaja, meli zikajengwa kwa haraka Uingereza na Marekani, maelfu wakavuta vumbi lile. Kanuni maalum za ujenzi na ukarabati wa meli zilikuja Uingereza 1960. Mwaka wa 1964 daktari Irving Selikoff na wenzake wakachapisha utafiti wao kuhusu mafundi wa kufunga asbesto wa New York na New Jersey, na hapo ikawa vigumu kusema tatizo liko viwandani tu.

Madhara yalikuwa yamejulikana miaka thelathini mapema. Kilichokosekana ni sheria kumtambua mtu anayevuta vumbi, hata kama hayuko ndani ya jengo linaloitwa kiwanda.

Rudi nyumbani. Mwaka wa 1950 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya viwanda, ikaanza kutumika Septemba 1951, ikifuata ile ya Uingereza ya 1937. Ilizungumzia vumbi na moshi, ndiyo, lakini fikiria ilimlenga nani: karakana ya reli, gati la Mombasa, viwanda vya Industrial Area. Mhunzi wa Shauri Moyo anayegonga pipa la mafuta kuwa sufuria hakuwa kwenye picha. Mwaka wa 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ndiyo iliyoifanya dunia nzima ianze kusema "sekta isiyo rasmi", na wale wahunzi ndio waliokuwa wanaelezwa. Jina letu lenyewe ni jua kali, kazi ya kuchomwa na jua.

Mwaka wa 1985 rais wa wakati huo alitembelea mafundi wa Kamukunji, akaahidi vibanda vya kuwakinga na jua, na vikajengwa. Mwaka wa 1988 jua kali ikapata hadi wizara ya kuisimamia. Sipuuzi hilo, kwa sababu kabla ya hapo uhusiano wa serikali na mafundi ulikuwa wa kubomolewa na kufukuzwa. Lakini angalia jinsi tatizo lilivyoelezwa: jua. Suluhisho la jua ni paa. Na ukishaweka paa na kuta juu ya watu wanaochomelea, moshi uliokuwa ukienda zake angani sasa unakaa nao. Tangu hapo kila mpango wa vibanda, hata ule wa kuchochea uchumi wa 2009, umehesabiwa kwa idadi ya mabati yaliyopigwa na utepe uliokatwa.

Sheria ilijaribu kuwafikia. Mwaka wa 1990 ile ya viwanda iliongezwa maneno "na sehemu nyingine za kazi", na 2007 ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini inayogusa kila mahali watu wanapofanya kazi. Kwenye karatasi mjomba wangu analindwa sawa na mtu wa gatini. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya kazi za nchi hii, ukiondoa kilimo kidogo kidogo, ziko kwenye sekta isiyo rasmi. Hakuna hesabu ya wakaguzi inayoweza kufikia vibanda vyote hivyo.

Hapa ndipo naelewa wale wanaosema "mkileta sheria mtaua biashara za watu wadogo". Si hoja ya kijinga. Sote tunajua mkaguzi akifika kibandani na kitabu cha faini nini hufuata, na si usalama. Lakini hoja hiyo ina upande wake wa pili, na upande huo unaitwa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya mtaa huo wa Mombasa 2007, kikafungwa 2014, na risasi ikabaki kwenye damu za wafanyakazi na watoto wa majirani. Julai 2020 mahakama ya mazingira iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Na waliopatikana na makosa si kiwanda peke yake, kuna taasisi za serikali ikiwemo NEMA. Moshi hulipiwa tu, hata kama ni miaka kumi baadaye na kwa kodi yako.

Basi gati linafanyaje likifanya vizuri? Kuna mpangilio, na barakoa ndiyo ya mwisho. Kwanza badilisha kitu chenyewe: toa rangi kwa maji ya presha au mchanga uliolowa badala ya mchanga mkavu. Kisha tenga kazi ya vumbi na watu wengine. Kisha vuta moshi pale unapozaliwa, kwa bomba lenye feni linaloingizwa hadi ndani ya tangi. "Pale unapozaliwa" ni muhimu. Ukirudisha mdomo wa bomba nyuma kwa umbali sawa na upana wake, kasi ya uvutaji inabaki takriban asilimia 10. Feni ya kawaida ya kusimama haivuti chochote, inamsukumia jirani. Hii nimeiona kwa macho: vibanda vinne, kila mmoja na feni yake, wanapeana moshi siku nzima.

Msimamo wangu, na mnaweza kunipinga: kwa jua kali usianze na fundi, anza na kibanda. Kibanda ni mali ya umma. Kama kaunti inaweza kuweka paa na umeme, inaweza kuweka bomba moja kubwa la pamoja lenye mikono ya kushuka kwa kila meza, na paa lililoachwa wazi juu. Iwe sehemu ya jengo, kama choo. Fundi aletewe faini baada ya hapo kama atalizima.

Jumamosi nilienda kwenye moja ya zile hafla za kugawa mashine. Nilifanikiwa kupata maiki. Nikauliza: hizi mashine zinakuja na nini cha kuvuta moshi? Emsii akasema "swali zuri sana kutoka kwa kijana wetu", akaita jina la kikundi kinachofuata. Mjomba alikuwa kwenye orodha. Alipewa mashine, pamoja na miwani ya giza na pakiti mbili za maziwa.