Kuamua kwa Haki: Historia ya Mashindano ya Mavazi katika Makongamano ya Mashabiki

Katika makongamano ya mashabiki wa hadithi za kisayansi, katuni na michezo ya kompyuta, mashindano ya mavazi ni miongoni mwa desturi kongwe. Mshindani hujivika sura ya mhusika anayempenda au ya kiumbe alichokibuni mwenyewe, hupanda jukwaani kwa muda mfupi, kisha jopo la waamuzi huamua nani apewe tuzo. Kanuni zinazoliongoza jopo hilo leo zilijengwa kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 80, na nyingi zilitokana na swali moja lililorudi kwa sura mbalimbali: ni nini hasa kinachoamuliwa, na nani ashindanishwe na nani?

Zawadi kabla ya makongamano

Mavazi ya wahusika yalianza kushinda zawadi kabla mashabiki hawajawa na makongamano yao. Mwaka 1908 William Fell na mkewe, wakazi wa Cincinnati katika jimbo la Ohio nchini Marekani, walikwenda kwenye tamasha la mavazi ya kujigeuza wakiwa wamevaa kama wahusika wa katuni za magazeti. Bwana alijigeuza Mr. Skygack, mgeni kutoka sayari ya Mirihi aliyechorwa na A. D. Condo. Mwaka 1910 mwanamke mmoja mjini Tacoma, jimbo la Washington, alitwaa zawadi ya kwanza ya dansi ya mavazi akiwa na vazi la mhusika huyohuyo.

Dansi za aina hiyo zilikuwa burudani ya mji mzima, na zawadi ilitolewa kwa mtazamo wa jumla: aliyevutia zaidi ndiye aliyeshinda. Kwa starehe ya usiku mmoja hilo lilitosha. Ugumu ulikuja pale watu walipoanza kutumia miezi kadhaa kushona vazi moja kwa ajili ya shindano.

New York na Chicago, 1939 na 1940

Kongamano la kwanza la dunia la hadithi za kisayansi, Worldcon, lilifanyika New York mwezi Julai 1939 na kuhudhuriwa na watu wapatao 200. Wawili kati yao, Forrest J Ackerman na Myrtle R. Douglas, walifika wakiwa wamevaa nguo za wakati ujao zilizotokana na michoro ya Frank R. Paul na filamu ya Things to Come ya mwaka 1936. Aliyezibuni na kuzishona ni Douglas, ingawa kwa miaka mingi sifa zilimwendea zaidi Ackerman.

Mwaka uliofuata kongamano lilihamia Chicago, na hapo likafanyika onyesho la kwanza la mavazi lenye tuzo. Mshindi alikuwa David Kyle, aliyevaa kama Ming, mtawala katili wa katuni za Flash Gordon. Nafasi ya pili ilichukuliwa na Robert A. W. Lowndes, aliyejivika sura ya Bar Senestro kutoka riwaya ya The Blind Spot. Vazi la Kyle, hata hivyo, lilikuwa limetengenezwa na Leslie Perri. Hivyo tangu tuzo ya kwanza kabisa, aliyepanda jukwaani alikuwa mmoja na aliyeshika sindano alikuwa mwingine. Suala la nani astahili sifa, mvaaji au fundi, lilikuwapo tangu mwanzo, ila lilichukua miongo minne kuwekewa utaratibu.

Kutoka dansi hadi jukwaa

Maonyesho ya mwanzo yalikuwa dansi. Muziki ulipigwa, watu walicheza, na waamuzi walipita katikati yao wakitazama. Mshindani aliyesimama karibu na meza ya waamuzi alionekana vizuri kuliko aliyekuwa pembeni. Washiriki walipoongezeka, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, dansi iligeuka kuwa onyesho la jukwaani: kila mmoja hupewa namba, huitwa kwa zamu, hupewa muda sawa na mwanga sawa. Hatua hiyo ni msingi wa haki yote iliyofuata, kwa kuwa ilihakikisha kwamba kila vazi linaonwa kikamilifu angalau mara moja.

Maonyesho yenyewe yalileta matatizo yake, mengine hata kabla ya jukwaa. Mwaka 1952 mshiriki wa kwanza alitokea uchi katika onyesho la Worldcon, na katika miaka ya 1970 jambo hilo likawa la kawaida. Watu walioshona kwa miezi walijikuta wakishindana na mshtuko badala ya ufundi. Jibu la waandaaji lilikuwa kanuni fupi ambayo mashabiki wanaikumbuka hadi leo: asiye na vazi hana vazi la kushindanishwa.

Mwaka 1972, huko Los Angeles, mchora katuni Scott Shaw alipanda jukwaani akiwa amejipaka siagi ya karanga mwili mzima ili awe mhusika wa katuni yake mwenyewe. Siagi ilichafua viti na mavazi ya washindani wengine, kisha ikaanza kuchacha kwa joto la taa. Baada ya hapo vyakula na vitu vyovyote vinavyochafua vilipigwa marufuku. Kanuni hiyo inaweza kuonekana ya usafi tu, lakini imebeba haki kubwa: mshindani mmoja haruhusiwi kuharibu kazi ya mwenzake kabla haijaamuliwa.

Madaraja ya uzoefu

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 washiriki wote walikuwa kundi moja. Kijana aliyeshona joho lake la kwanza alisimama kwenye mstari mmoja na fundi mwenye uzoefu wa miaka 20, na matokeo yalijulikana kabla taa hazijawashwa. Wapya walikata tamaa, wengi hawakurudi.

Suluhisho lililoenea katika miaka ya 1980 ni madaraja matatu: wanaoanza, mafundi wa kati na mabingwa. Mtu hupangwa kwa rekodi yake ya ushindi. Akishinda katika daraja moja kwa kiwango kilichowekwa, hupanda daraja linalofuata. Anaruhusiwa kujipandisha na kushindana na walio juu yake, lakini haruhusiwi kujishusha ili ajipatie ushindi wa bure. Mtu anayeishi kwa kazi ya kushona au kubuni mavazi kwa kawaida huwekwa miongoni mwa mabingwa, hata kama hajawahi kupanda jukwaa la mashabiki. Watoto hupewa daraja lao.

Katika utaratibu huo waamuzi pia hawabanwi na desturi ya kutoa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu tu. Wanaweza kutoa tuzo nyingi katika daraja lenye kazi nyingi nzuri, na chache panapokosekana. Kila vazi linapimwa kwa ubora wake, na uchache wa vikombe hauwalazimishi waamuzi kumwacha mtu aliyestahili.

Taasisi mbili ziliimarisha mfumo huu. Costume-Con, kongamano linalohusu mavazi peke yake, lilifanyika kwa mara ya kwanza San Diego mwaka 1983. Mwaka 1985 kikaundwa chama cha kimataifa cha watengenezaji wa mavazi, International Costumers' Guild, ambacho kiliandika miongozo ya uamuzi ili makongamano mbalimbali yatumie madaraja yanayofanana.

Ufundi na uonyeshaji

Jambo la pili lililotenganishwa ni macho ya mbali na macho ya karibu. Mwamuzi aliyeketi mbele ya jukwaa huona umbo, rangi, mwendo na namna mhusika anavyohuishwa. Hawezi kuona mshono. Ndiyo maana makongamano mengi huweka mwamuzi mwingine nyuma ya jukwaa, ambaye kazi yake ni kukagua ufundi kabla ya onyesho.

Ukaguzi huo huanza pale ambapo mtazamaji hafiki. Gauni huinuliwa upindo: je, umeshonwa kwa mkono kiasi kwamba uzi hauonekani upande wa nje, au umegundishwa kwa gundi? Bitana imekaa sawasawa au inavuta kitambaa cha juu? Kingo za ndani zimepigwa ovaloki au zinachanika? Kitambaa cha mistari hutazamwa pale vipande viwili vinapokutana, kwa kuwa fundi makini hupanga mkato wake ili mistari ionane pande zote mbili za mshono. Deraya iliyotengenezwa kwa sponji ngumu hukaguliwa kwenye maungio na jinsi inavyofungwa mwilini: mvaaji anaweza kukaa, kuinama na kupumua? Mshindani huulizwa alichotengeneza mwenyewe, alichonunua na alichosaidiwa, na jibu la kweli halimwondolei heshima. Makongamano mengi humtaja fundi pamoja na mvaaji pale wanapokuwa watu wawili, haki ambayo Leslie Perri angeistahili mwaka 1940.

Aina ya vazi nayo hubadilisha kipimo. Baada ya Star Wars kutoka mwaka 1977, mavazi ya kuiga wahusika wa filamu yaliongezeka sana, na ilibidi yatofautishwe na mavazi ya kubuni. Anayeiga hupimwa kwa ufanano, hivyo huleta picha za mhusika ili mwamuzi asitegemee kumbukumbu. Anayebuni hupimwa kwa ubunifu na jinsi wazo lake lilivyokamilika. Katika onyesho la mavazi ya kihistoria la Costume-Con, mshindani huwasilisha pia maelezo ya utafiti wake kuhusu vitambaa, mikato na zana za zama husika.

Nagoya na mashindano ya mataifa

Nchini Japani desturi hii ilikua ndani ya mikusanyiko ya mashabiki wa katuni, hasa Comiket iliyoanza Tokyo mwaka 1975, na ikapata jina la kosplei linalotumika sasa duniani kote. Mwaka 2003 kituo cha televisheni cha Aichi kilianzisha mjini Nagoya mkutano wa World Cosplay Summit, na tangu mwaka 2005 mkutano huo una ubingwa unaogombewa na timu za watu wawili wawili kutoka nchi mbalimbali. Italia ilishinda mwaka huo wa kwanza, Brazili mwaka uliofuata, na baadaye mataifa kama Urusi, Mexico, Indonesia na Australia nayo yakatwaa ubingwa.

Kushindanisha mataifa kulifanya hesabu ya alama iwe jambo zito. Jumla ya kawaida ina hatari yake. Chukua waamuzi watatu: wawili wanampa mshindani wa kwanza alama 8 na wa pili alama 7. Wa tatu, ambaye alama zake hupishana sana, anampa wa kwanza 4 na wa pili 9. Jumla ni 20 kwa 23, na mwamuzi mmoja amewashinda wenzake wawili. Tiba zipo: kila mwamuzi awapange washindani kwa nafasi badala ya alama, au jopo lizungumze pale alama zinapotofautiana mno. Mpangilio wa zamu pia una uzito. Wa kwanza huamuliwa kabla kipimo hakijatulia, kwa hiyo waamuzi wazuri huandika maelezo kwa kila mmoja na kuziacha alama za mwisho hadi wote wapite.

Masuala ya karne hii

Mitandao ya kijamii imeleta washindani wenye wafuasi wengi, na makofi ya ukumbi yanaweza kupima umaarufu kuliko kazi. Makongamano mengi yametenga tuzo ya watazamaji na tuzo ya waamuzi, ili kila moja iseme jambo lake. Mwamuzi mwenye undugu, urafiki wa karibu au biashara na mshindani hutakiwa kusema mapema na kukaa kando.

Printa za 3D na mavazi yanayouzwa tayari yameliamsha upya swali la Chicago. Mashindano mengi sasa yanataka sehemu kubwa ya vazi iwe kazi ya mshindani, na aonyeshe picha za hatua za utengenezaji. Kuchapisha kwa mashine hakukatazwi, lakini mwamuzi huuliza nani alichora umbo, nani alilisugua na kulipaka rangi.

Mwili wa mvaaji ni suala jingine. Kumpunguzia mtu alama kwa unene, umri au rangi ya ngozi kwa madai kwamba hafanani na mhusika ni dhuluma, kwa kuwa kinachoshindanishwa ni kazi ya mikono na uigizaji. Ufanano hautafutwi kwa kupaka ngozi rangi ya watu wengine: mwaka 2019 mashindano ya EuroCosplay yalimwondoa mshindani wa Ufaransa aliyekuwa ameifanya ngozi yake kuwa nyeusi ili afanane na mhusika wa mchezo wa kompyuta. Mjadala uliofuata ulidhihirisha umuhimu wa kanuni ya aina hiyo kuandikwa mapema, kabla mtu hajashona wala kusafiri.

Desturi hii imefika pia Afrika Mashariki, ambako makongamano ya Nairobi kama NAICCON na Otamatsuri yana mashindano yake ya kosplei. Kwa waandaaji popote walipo, historia hii imeacha utaratibu ulio wazi: vigezo vitangazwe kabla ya usajili, washindani wapangwe kwa uzoefu, ufundi ukaguliwe kwa karibu na uonyeshaji utazamwe kutoka mbele, waamuzi wasiwe na maslahi, na mshindwa aelezwe akiuliza. Anayejua kwa nini hakushinda hujua pa kuanzia vazi lake lijalo, na kongamano hubaki na fundi ambaye lingempoteza.