Mtawa wa Nimbschen aliyekuja kuwa nguzo ya Wittenberg

Usiku wa Pasaka mwaka 1523, gari la farasi la Leonhard Koppe, mfanyabiashara wa Torgau aliyezoea kupeleka samaki kwenye monasteri ya Nimbschen huko Saxony, Ujerumani, liliondoka na watawa 12. Masimulizi ya baadaye yanadai walifichwa ndani ya mapipa ya samaki. Hadithi inanoga, ila yaelekea walijibanza tu katikati ya mizigo.

Mmoja wao alikuwa Katharina von Bora, mwenye umri wa miaka 24. Alizaliwa mwaka 1499 katika ukoo wa makabaila walioishiwa. Alikuwa bado mtoto mdogo baba yake alipomkabidhi kwa masista wa Brehna. Baadaye akahamishiwa Nimbschen, na mwaka 1515 akaweka nadhiri. Kwa desturi ya huko mahari ilitolewa na upande wa binti, kwa hiyo kabwela mwenye jina kubwa alipata nafuu binti akiingia utawani. Hata hivyo Nimbschen haikumwacha mtupu: alitoka akijua kusoma na kuandika, na Kilatini kidogo.

Watawa tisa kati ya hao walifika mji wa Wittenberg, mikononi mwa mwanamatengenezo wa Kanisa Martin Luther, ambaye maandishi yake ndiyo yaliyowachochea kutoroka. Ikawa juu yake kuwatafutia waume. Wengine walipata. Katharina alichumbiwa na kijana wa Nuremberg, Hieronymus Baumgartner, lakini kijana akarudi kwao na kimya kikatanda. Akaletewa mchungaji Kaspar Glatz, akamkataa. Kisha akamwambia Nikolaus von Amsdorf, rafiki wa Luther, kwamba angekubali kuolewa na yeye Amsdorf, au na Luther mwenyewe. Tarehe 13 Juni 1525 akafunga ndoa na Luther, ambaye naye alikuwa mtawa wa zamani.

Makao yao yalikuwa monasteri ileile ya Waagustino alikoishi Luther kabla ya ndoa, jumba kubwa lililochakaa. Hapa ndipo historia inapomtendea Katharina isivyo haki, kwa kumtaja kama mke wa mtu mashuhuri na kuishia hapo. Luther hakuchukua malipo kwa vitabu vyake, na alikuwa mwepesi wa kugawa alichonacho. Mkewe ndiye aliyeangalia mfuko. Alipika bia, alifuga ng'ombe na nguruwe, alisimamia bustani na bwawa la samaki, na aliwapangisha wanafunzi wa chuo vyumba na kuwalisha kwa malipo. Baadaye likaongezeka shamba la Zülsdorf. Luther alimtania kwa kumwita "Bwana Käthe", na utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake.

Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, chuo kilihamishiwa Jena, lakini Luther na Katharina walibaki. Katharina alikuwa mjamzito, na mwanawe wa kwanza Hans alikuwa mchanga bado. Nyumba yao ikageuka hospitali. Shangazi wa Katharina, Magdalena, naye mtawa wa zamani wa Nimbschen, aliishi nao. Katharina alizaa watoto sita. Elisabeth alifariki kabla ya kutimiza mwaka, na binti mwingine, Magdalena, akiwa na miaka 13. Juu ya hao, waliwalea watoto yatima wa ndugu.

Mazungumzo ya Luther mezani yaliandikwa na wageni wake na kuchapishwa kuwa kitabu. Lakini barua alizomwandikia Katharina mumewe hazikubaki, hata moja.

Luther alifariki Februari 1546. Katika wosia alimrithisha mkewe, ila sheria ya Saxony haikuutambua. Mjane alipaswa kuwa na wasimamizi. Katharina akang'ang'ania watoto na mali yake. Vita vikamfukuza Wittenberg, akarudi na kukuta mashamba yameharibiwa. Mwaka 1552 tauni ilizuka tena. Akiwa njiani kukimbilia Torgau farasi walishtuka, akaangukia mtaro wa maji, akaumia vibaya. Alifariki huko Torgau tarehe 20 Desemba.

Tanzania ina Walutheri wengi, na kila Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa jina la Luther linasikika mimbarini. Wahubiri walitaje na la Katharina, na waeleze alichofanya wakati wa tauni ya mwaka 1527.