Bati la Alumini la Ndege: Kukatwa na Kukamilishwa Kwake

Sanaa ya bati la ndege ni ile ya kupima, kukata, kutoboa, kukunja na kulainisha kingo za bati jembamba la aloi ya alumini, hata vipande vyake vifae kuwa mbavu za bawa, kuta za mkia au ngozi ya kiwiliwili cha ndege ndogo ambayo mwenyewe huiunda kwa mikono yake katika karakana ya nyumbani. Watu wengi hudhani kuwa ukataji ndio kazi yenyewe na usafishaji ni pambo; ukweli ni kinyume chake, kwa kuwa mkasi humaliza shauri lake kwa dakika chache, ilhali tupa na msasa hudai saa nyingi, na salama ya ndege hutegemea zaidi saa hizo za tupa kuliko dakika za mkasi.

Kwa anayeijaribu sanaa hii Tanzania, uwanda wa juu wa Ufipa, ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, si mgeni wa madini. Kabla ya majembe ya ng'ambo kufurika sokoni, wahunzi wa Kifipa walijenga malungu, yaani matanuri ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, ambamo hewa iliingia yenyewe kwa mirija ya chini bila kuvukutwa; kisha chuma kilichopatikana humo kikasafishwa katika kintengwe, tanuri dogo la mvukuto, kabla ya kufuliwa kuwa jembe au shoka. Magofu ya malungu yangali yakionekana katika nchi ya Nkasi na Sumbawanga. Wala ndege nazo si ajabu ya jana, maana bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio mashuhuri ya nzige wekundu, na shirika la kimataifa la kuwadhibiti, lililoasisiwa mwaka 1949 na kuweka makao yake Abercorn, mji uitwao sasa Mbala nchini Zambia, lilitumia ndege ndogo kuwatafuta na kuwanyunyizia dawa. Waundaji wa ndege za nyumbani ndio walio adimu katika Afrika Mashariki: Gabriel Nderitu wa Nyeri, Kenya, aliunda ndege kwa maarifa aliyojisomea katika intaneti, na Tunduma, mji wa mpakani usio mbali na Ufipa, umepata fundi wa karakana aliyejitosa kuunda helikopta.

Tabia za chuma cha malungu, hata hivyo, si tabia za alumini ya ndege. Mhunzi aliyekosea jembe hulirudisha motoni na kulifua upya, lakini aloi ya ndege ikipashwa moto kupita nyuzi 200 hivi za sentigredi huanza kupoteza nguvu zake, na hakuna nyundo iwezayo kuzirejesha. Nguvu hizo zilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1906 na Alfred Wilm, aliyegundua kwamba alumini iliyotiwa shaba na magnesi kidogo, ikipashwa moto na kuzimwa ghafla, huendelea kukakamaa yenyewe kwa siku kadhaa. Kizazi cha uvumbuzi huo ni aloi iitwayo 2024-T3, yenye shaba kiasi cha asilimia 4 na zaidi, ambayo ndiyo ngozi ya ndege za RV za Mmarekani Richard VanGrunsven, aliyerusha RV-3 yake kwa mara ya kwanza mwaka 1971. Kwa kuwa shaba huipa aloi nguvu lakini huidhoofisha mbele ya kutu, bati hilo aghalabu hufunikwa pande zote mbili kwa utando wa alumini safi. Chris Heintz, mbunifu wa ndege za Zenith, alichagua 6061-T6, ambayo ina nguvu pungufu lakini hustahimili kutu kuliko hiyo nyingine. Bati la alumini la kuezekea, pamoja na alumini ya sufuria iliyosubiwa kutoka katika injini mbovu, havifai kabisa, hata vikionekana vizuri machoni. Bati la ndege hununuliwa likiwa na chapa ya aloi yake na hati inayoishuhudia.

Unene wake aghalabu ni baina ya milimita 0.4 na 1. Mistari huchorwa kwa kalamu ya wino mnene, kamwe si kwa msumari, kwa sababu mkwaruzo hukata ule utando safi na kuwa chimbuko la ufa; risasi ya penseli nayo huepukwa, kwa maana ikiachwa juu ya bati huchochea kutu. Mikasi ya bati huja kwa jozi na zaidi: wenye mpini mwekundu hupinda kushoto, wa kijani kulia, na wa njano hukata moja kwa moja. Fundi mwenye hadhari hukata nje ya mstari, akiacha milimita 2 au 3, kisha huufikia mstari kwa tupa. Pembe ya ndani haikatwi kwa mikasi miwili kukutana. Hutobolewa kwanza tundu la mviringo, ndipo mikato miwili ikomee ndani ya tundu hilo.

Sababu ya kukazania jambo dogo kama hilo iliandikwa kwa msiba. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet yenye namba G-ALYP ilifungua safari ya kwanza ya abiria kwa injini za jeti, kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, na Aprili yake nyingine ikafuata karibu na Naples. Wachunguzi wa Kiingereza kule Farnborough walitia kiwiliwili cha Comet katika tangi la maji na kukijaza na kukipunguza shinikizo mara maelfu, wakabaini kuwa nyufa zilianzia pembezoni mwa matundu yaliyokatwa katika ngozi yake, mahali mkazo unapojikusanya. Ndege ya nyumbani haina shinikizo la namna hiyo, lakini mtikisiko wa injini hautofautishi baina ya ndege kubwa na ndogo, na kila jino lililoachwa na mkasi ukingoni ni mwaliko wa ufa.

Kwa hiyo ukingo hupigwa tupa laini, kisha msasa wa namba 400 au 600, kwa kufuata urefu wa ukingo wala si kuukata, maana mikwaruzo iliyosimama wima juu ya ukingo ni nyufa zilizokwisha kuanza. Tupa iliyotumika kwa chuma haigusi alumini, kwa kuwa chembe za chuma hujichimbia ndani yake na kuleta kutu. Na ili tupa isizibe, hupakwa chaki. Kipimo cha kumaliza ni kidole: kikipita ukingoni bila kushika kitu, kazi imekwisha.

Matundu ya ribiti hutobolewa kwa keekee kwa kipimo kidogo, kisha hupanuliwa, na taka zake huondolewa kwa msumari mkubwa wa keekee unaozungushwa kwa mkono mara moja au mbili tu. Ukizidisha, tundu hudhoofika. Kutoka kitovu cha tundu hadi ukingoni sharti pawe na angalau mara 2 ya kipenyo cha ribiti, yaani milimita 4.8 kwa ribiti ya milimita 2.4. Mkunjo nao hutaka mviringo wa kiasi cha mara 3 ya unene wa bati, tena mstari wake ukingame na mwelekeo wa kuviringishwa kwa bati kiwandani.

Juu ya uwanda wa Ufipa uzito ni shauri la kwanza. Sumbawanga iko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko ya pwani, na upungufu huzidi katika jua la Oktoba. Bawa hukosa sehemu ya nguvu yake, injini nayo hupungukiwa pumzi. Ndiyo maana mbavu hutobolewa matundu makubwa ya kupunguza uzito, ambayo kingo zake hulainishwa kwa bidii ile ile, na rangi ya kuzuia kutu hupakwa nyembamba.

Ndege iliyokamilika hairushwi bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2003. Mwenye kuijenga na apige picha ya kila kipande na kuandika tarehe yake kabla ya kukifunga, kwa kuwa bawa likishapigwa ribiti hakuna mkaguzi awezaye kuziona tena kingo zilizo ndani.