Padre wa Nyange na Hukumu ya Arusha

Wasikilizaji wetu, mazungumzo ya leo ni habari ya kanisa lililobomolewa na watu wangali ndani yake, na ya padre aliyehukumiwa kwa ajili ya jambo hilo. Kanisa lenyewe lilikuwa Nyange, katika nchi ya Rwanda, lakini hukumu ilitolewa katika nchi yetu hii. Mtu akitoka Majengo hapa Dodoma akashika barabara ya Kondoa, akapita Babati, hufika Arusha. Na huko Arusha ndiko Umoja wa Mataifa ulikoweka mahakama ya kuwahukumu walioongoza mauaji ya Rwanda. Basi jambo hili si la mbali sana. Na swali lililomo husikika hata katika baraza za Majengo, ambako Mwislamu na Mkristo hukaa mkeka mmoja: mwenye kuongoza ibada akitenda uovu, je, ibada yake ni kitu au si kitu? Na ni nani mwenye haki ya kumhukumu?

Swali hilo ni la kale, tena liliulizwa kwa ukali sana hapa hapa Afrika. Mwaka wa 303 Kaisari Diocletian wa Rumi aliamuru vitabu vitakatifu vya Wakristo vichomwe. Huko Afrika ya Kaskazini baadhi ya viongozi wa Kanisa waliogopa, wakavitoa. Mateso yalipokwisha, Wakristo walioitwa Wadonati walisema kwamba watu hao wamejiharibia daraja yao, wala ubatizo wao haufai. Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi iitwayo sasa Algeria, aliwapinga. Alifundisha ya kuwa neema ni ya Kristo, wala si mali ya padre. Mikono michafu ya mgawaji haiichafui zawadi ya mwenye kutoa. Mwaka wa 411 pande zote mbili zilikutana Carthage zikahojiana, na Wadonati wakashindwa. Kanisa Katoliki lingali likilishika fundisho la Augustino hata leo.

Kwa maoni yangu fundisho hilo lina huruma ndani yake, kwa maana mama wa kijijini hawezi kuuchungua moyo wa padre kabla ya kumpeleka mtoto wake kubatizwa. Lakini liliwekwa limlinde mwenye kubatizwa. Halikuwekwa limfiche mwenye kubatiza. Watu wengi wameyachanganya mambo hayo mawili, na wakubwa wa dini wenyewe wamo.

Sasa tuje Rwanda. Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe, walianza kazi yao huko Save mwaka wa 1900, wakati Rwanda ilipokuwa chini ya Wadachi pamoja na nchi yetu. Mwaka wa 1931 Wabelgiji walimwondoa Mfalme Musinga, ambaye hakukubali kubatizwa, wakamweka mwanawe Rudahigwa. Naye Askofu Classe aliliunga mkono jambo hilo. Tangu hapo ubatizo ukawa kama mlango wa kuingilia katika utawala, na watu wakaja kwa maelfu. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 watawala walikuwa Wahutu, wala si Watutsi tena, lakini Kanisa lilibaki karibu na kiti. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa kamati kuu ya chama cha Rais. Askofu anayekula sahani moja na mtawala hukawia kumkemea.

Wanavijiji hawakuyahesabu hayo. Walichokumbuka ni kwamba katika mauaji ya zamani, mwaka wa 1959 na baadaye, wengi waliokimbilia misheni walipona. Kwa hiyo ndege ya Rais Habyarimana ilipoangushwa tarehe 6 Aprili 1994 na mauaji yakaanza, Watutsi wa Kivumu walikimbilia kanisa la Nyange. Padre aliyekuwapo ni kijana aitwaye Athanase Seromba.

Yaliyofuata nayaeleza kama waamuzi walivyoyathibitisha. Padre aliwakatalia wakimbizi ndizi za shamba la misheni, nao wana njaa. Hakukubali kuwasomea Misa. Baadhi yao aliwatoa katika nyumba ya mapadre, na walipotoka wakauawa. Tarehe 16 Aprili tingatinga lililetwa. Dereva alimwuliza padre kama abomoe, akalitii neno lake. Tena padre alimwonyesha upande wa kanisa ulio dhaifu. Watu wapatao 1,500 walikufa humo.

Kisha Seromba akakimbia, akafika Italia, akafanya kazi ya upadre karibu na mji wa Florence kwa jina jingine. Ukilifuata fundisho la Augustino, mtoto aliyebatizwa kwa mkono ule amebatizwa kweli kweli. Ni vigumu kulimeza, lakini ndivyo lilivyo.

Mwaka wa 2002 alijitoa mbele ya mahakama ya Arusha, akakana mashtaka. Tarehe 13 Desemba 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Rufani ikakatwa, na tarehe 12 Machi 2008 akapewa kifungo cha maisha. Waamuzi wa kwanza walisema kwamba aliwasaidia wauaji tu. Wale wa rufani walisema kwamba mtu aliyeukubali na kuuhimiza ubomoaji ule ni mtendaji mwenyewe, ijapokuwa hakushika usukani.

Isidhaniwe kuwa waamuzi waliwachukia mapadre. Emmanuel Rukundo, padre wa jeshi, alipatikana na hatia mwaka wa 2009, na baada ya rufani kifungo chake kikawa miaka 23. Lakini Padre Hormisdas Nsengimana aliachiliwa huru mwaka huo huo. Huko Rwanda kwenyewe Askofu Augustin Misago aliachiliwa mwaka wa 2000. Kila mmoja alipimwa kwa matendo yake.

Na Kanisa lilisema nini? Mwaka wa 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba wenye hatia wajibu kwa matendo yao, ila Kanisa lenyewe lisilaumiwe kwa makosa yao. Maneno hayo hayakuwaridhisha wengi waliofiwa. Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha mwezi wa Novemba 2016, na tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko, akimpokea Rais Kagame, alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watu wake, mapadre na watawa wakiwamo. Ni miaka karibu 23 tangu kanisa lile lianguke. Ni mingi mno.

Nyange ina habari nyingine pia. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya hapo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa, wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kutupiwa mabomu, na baadhi yao wakafa. Nchi ya Rwanda imewaandika wote katika daftari la mashujaa wake, waliokufa na waliopona.