Lugha ya Sheria na Haki ya Mwananchi

Iko kanuni moja ambayo nchi nyingi za dunia zimeikubali: kutojua sheria si udhuru. Mtu akivunja sheria hawezi kujitetea kwa kusema kwamba hakupata kuisoma. Kanuni hiyo ni ya lazima, kwani bila yake kila mkosaji angejifanya mjinga. Lakini inaweka deni kubwa upande wa pili. Ikiwa dola inamtaka mwananchi aijue sheria, dola nayo haina budi kuiandika kwa lugha ambayo mwananchi huyo aweza kuielewa. Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa kiza. Na si haki kumwadhibu mtu kwa kujikwaa kizani hali aliyeificha taa ni yule yule anayemwadhibu.

Jambo hili si letu peke yetu. Waingereza, ambao lugha yao ilitawala mahakama zetu kwa muda mrefu, wao wenyewe walipata kuhukumiwa kwa lugha za wageni. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa, na baadaye kikawa lugha ya kuendeshea mashauri, huku kumbukumbu zikiandikwa kwa Kilatini. Mwaka 1362, katika enzi ya Mfalme Edward III, ilipitishwa sheria iliyoamuru mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakukijua Kifaransa. Ajabu ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Mwaka 1650 Bunge liliagiza vitabu vya sheria na kumbukumbu za mahakama viwe kwa Kiingereza, lakini ufalme uliporudi mwaka 1660 agizo hilo likaanguka. Lugha za kigeni ziliondolewa mahakamani kwa sheria ya mwaka 1731, iliyoanza kutumika mwaka 1733. Tangu 1362 hadi 1733 ni miaka 371.

Je, baada ya hapo Mwingereza wa kawaida aliielewa sheria yake? La. Mwaka 1963 David Mellinkoff, mwanasheria wa Marekani, alitoa kitabu juu ya lugha ya sheria, akaonyesha jinsi mawakili walivyorithi maneno yaliyokwisha kufa, sentensi ndefu zisizo na pumzi, na desturi ya kutaja jambo moja kwa maneno mawili au matatu. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter aliagiza kanuni za serikali ya Marekani ziandikwe kwa Kiingereza rahisi, na mwaka 2010 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kuzitaka idara za serikali ziuandikie umma kwa uwazi. Funzo lililopo ni hili: kuitoa sheria katika lugha ya wageni ni hatua moja, kuiandika kwa uwazi ni hatua nyingine. Taifa lisilozitofautisha hatua hizi mbili litafanya ya kwanza na kudhani kwamba limemaliza kazi.

Sasa na tuitazame njia yetu wenyewe. Kabla ya ukoloni, pwani yetu ilikuwa na makadhi, na maneno kama sheria, hukumu, shahidi, wakili na mirathi yalikuwa vinywani mwa watu. Utawala wa Wajerumani ulikitumia Kiswahili katika kazi za maliwali, maakida na majumbe. Kwa hiyo dai la kwamba Kiswahili hakikuwa na maneno ya sheria halikuwa na msingi. Walipokuja Waingereza, Amri ya Tanganyika ya mwaka 1920 iliingiza nchini sheria za mahakama za Uingereza na sheria za Bunge la huko zenye matumizi ya jumla, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920. Sheria kadhaa za India nazo zilitumika hapa. Mwafrika alihukumiwa zaidi katika mabaraza ya wenyeji, na mahakama kuu zikabaki na lugha ya mtawala.

Baada ya Uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziunganisha mahakama katika mfumo mmoja, na Kiswahili kikawa lugha ya Mahakama za Mwanzo. Mwaka 1965 A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, aliandika juu ya matatizo ya kuieleza sheria kwa Kiswahili. Mwaka 1967 Serikali ilitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka huo huo. Katiba ya mwaka 1977 iliandikwa kwa Kiswahili.

Hata hivyo, juu ya Mahakama ya Mwanzo mambo yalikuwa mengine. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya iliweza kusikilizwa kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziwe kwa Kiingereza. Na tulipime jambo hili. Shahidi anasema kwa Kiswahili. Hakimu anamsikia kwa Kiswahili. Kalamu inaandika Kiingereza. Rufaa inapokwenda juu, majaji hawayasomi maneno ya shahidi, bali tafsiri iliyofanywa kwa haraka na mtu ambaye kazi yake si kutafsiri. Mshtakiwa anaweza kufungwa miaka mingi kwa hukumu ambayo hawezi kuisoma ili ajue alishindwa wapi na akate rufaa kwa sababu gani.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2021. Mwezi Februari mwaka huo Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili, akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Kisha Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ikiacha nafasi ya Kiingereza pale haki itakapohitaji. Hatua ya kwanza ikawa imepata msingi wa kisheria.

Hatua ya pili ndiyo inayotuhusu sisi tunaoshughulika na lugha. Kiswahili kina mitego yake, nayo haiondoki kwa kuwa lugha ni yetu. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa mfano: “Mwenye nyumba atamjulisha mpangaji kabla hajahama.” Nani anayehama? Kiambishi cha mtu ni kimoja kwa wote wawili, na nyumba ya mtu inaweza kupotea ndani ya herufi chache. Chukua nyingine: “Taarifa itatolewa katika muda wa siku 14.” Nani aitoe, na siku zihesabiwe tangu lini? Kauli ya kutendwa imemficha mwenye wajibu. Iandikwe hivi: “Mwajiri atampa mfanyakazi taarifa kwa maandishi katika muda wa siku 14 tangu siku ya ajali.” Maneno yameongezeka, lakini ugomvi umepungua. Uwazi, basi, si ufupi tu.

Tena yako maneno yanayobeba mizigo mingi. Dhamana ni ile inayomtoa mshtakiwa mahabusu. Ni mali iliyowekwa kwa ajili ya mkopo. Tena ni madaraka aliyokabidhiwa waziri. Mtunga sheria hana budi kueleza ni ipi anayoikusudia. Na anayemwita mshtakiwa “mhalifu” kabla ya hukumu amekwisha kumhukumu kwa neno moja. Mshairi akikosea mizani, shairi lake huharibika na watu hucheka. Mtunga sheria akikosea, mtu hupoteza shamba.

Wako wanaohofu kwamba sheria rahisi itakosa uthabiti. Hofu hiyo haidharauliki, kwa kuwa mambo mengine, kama kodi na bima, ni magumu yenyewe. Lakini ugumu wa jambo ni kitu kimoja, na ugumu wa maneno ni kingine. Sheria isiyoeleweka humnufaisha mwenye uwezo wa kumlipa mfasiri wake, na kumwacha maskini akitegemea huruma. Kwa sababu hiyo uwazi wa sheria ni suala la siasa ya nchi, wala si pambo la uandishi.

Walimu wa shule za sekondari wanaweza kuanza kazi hii darasani. Mwanafunzi apewe kifungu cha Katiba, akiseme kwa maneno yake, aulize nani anaagizwa, afanye nini, na asipofanya itakuwaje. Kijana aliyezoea kuuliza maswali hayo matatu hatatia saini karatasi asiyoielewa. Na akija kuwa mtunga sheria, ataandika akijua kwamba yuko mtu atakayeyauliza.